Ngazi Tano za Jukwaani

Usiku wa onyesho letu la kwanza la vijana tulimbeba kijana mmoja hadi jukwaani, yeye na kiti mwendo chake, wanaume wanne, kila mmoja kashika pembe yake. Alikuwa ameandika shairi lililofungua onyesho, na tulitaka watu wamwone. Ukumbi mzima ulisimama. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nafuta machozi, najisemea moyoni kwamba kazi ndiyo hii.

Kesho yake akanijia. "Mwalimu," alisema, "jana watu waliwapigia makofi wabebaji. Shairi hakuna aliyelisikia."

Hakuwa na hasira. Alinieleza kama mtu anayetoa taarifa: kwamba kwenye ngazi ya tatu gurudumu moja lilining'inia hewani, kwamba mmoja wa wabebaji alikuwa anamhemea shingoni, na kwamba muda wote huo yeye alitabasamu kwa sababu aliona simu zimeinuliwa zinampiga picha.

Nilirudi ukumbini jioni ile nikazihesabu ngazi. Zilikuwa tano. Nilikuwa nimezipanda na kuzishuka kwa miaka, maleba mikononi, mbio mbio, na sijawahi kujua kama ni tano au nane. Yeye alizijua tangu siku ya kwanza alipochungulia mlangoni.

Nikaita fundi seremala. Akapima kimo cha jukwaa, sentimita 85 hivi, akapendekeza ubao wa mita mbili auegemeze pale, mambo yaishe. Kijana akacheka. Akamwambia kipimo anachokijua yeye ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Kwa jukwaa letu ni zaidi ya mita 10, yaani njia ambayo ingeanzia jukwaani, ikapasua viti katikati, ikaishia karibu na mlango wa kuingilia. Kwenye ule ubao wa mita mbili angeteremka kama gunia lililosukumwa kutoka kwenye lori.

Tukakaa kimya, kila mtu anatazama sakafu. Binti mmoja aliyekuwa anafagia akauliza, bila hata kuinua ufagio: "Kwani lazima tuigizie kule juu?"

Hatukurudi tena kule juu. Tuliuteremsha mchezo sakafuni, tukapanga viti kwa umbo la kwato la farasi, safu tatu tu, kwa sababu aliye safu ya nne kwenye sakafu tambarare haoni chochote isipokuwa kisogo cha aliye mbele yake. Tulipoteza zaidi ya nusu ya viti na ikabidi tuonyeshe mara tatu badala ya mara moja. Waigizaji walilalamika kuchoka. Lakini mtazamaji alikuwa mita mbili kutoka kwa mwigizaji, anaona jasho, anasikia pumzi, na kile kikohozi cha watu waliochoshwa ambacho nimekizoea katika kumbi kubwa hakikusikika.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ngazi hizi hazikutusumbua sisi peke yetu. Mwaka 2019 Ali Stroker alikuwa mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti mwendo kushinda tuzo ya Tony, tuzo kubwa kuliko zote za jukwaa nchini Marekani. Usiku ule ilibidi asubirie nyuma ya jukwaa kusikia kama ameshinda, maana kutoka kwenye viti vya wageni hapakuwa na njia ya magurudumu ya kumfikisha mbele. Fikiria: watu wenye pesa zote zile, wenye mafundi wote wale. Waliomjengea mtazamaji njia ya kuingia hawakuwahi kuwaza kwamba siku moja mtu huyo ataitwa jukwaani.

Hilo ndilo lililonibadilisha zaidi. Kumbi nyingi nilizozikagua tangu hapo, zikimfikiria kabisa mwenye ulemavu, zimemfikiria kama mtazamaji. Mlango wa mbele una njia mteremko na alama ya buluu. Nenda nyuma sasa: chumba cha kubadilishia maleba kiko chini ya ngazi, kioo kimetundikwa kimo cha mtu aliyesimama, na korido ina kona ambayo kiti mwendo hakiwezi kukata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, una Ibara ya 30 inayogusa jambo hili. Haikuishia kwenye haki ya kufika na kutazama michezo. Inataka pia watu hawa wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao na kuvitumia, na inasema wazi kuwa faida yake ni ya jamii nzima, siyo yao peke yao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiona mjinga. Mimi nilikuwa nagawa tiketi.

Tiketi zenyewe ni kisa kingine. Mwaka wa pili tulitoa tiketi 40 za bure kwa vijana wa familia zisizo na uwezo. Wakaja sita. Kamati yetu ikahitimisha, kwa ile sauti ya watu walioshiba, kwamba vijana hawa hawapendi sanaa. Nilikwenda kuwauliza wenyewe. Nauli ya kwenda walikuwa nayo baadhi yao; ya kurudi hawakuwa nayo, na onyesho liliisha saa tatu usiku wakati magari ya kwao yameshakwisha. Binti mmoja alikuwa analea wadogo zake wawili kila jioni. Mwingine alisema hana viatu vya kuvaa mahali kama pale. Hayo tungeyajua kwa dakika kumi tu za kuongea nao kabla ya kuchapa tiketi.

Tukahamishia onyesho saa nane mchana, siku ya mapumziko. Nauli tukawa tunatuma mapema kwenye simu, baada ya kuona jinsi ilivyokuwa vibaya kuwapanga foleni mlangoni huku watazamaji wengine wanapita na kuwatazama wakihesabiwa sarafu. Wadogo tukaruhusu waje, mazoezini na kwenye onyesho. Walivunja taa moja na wakamfundisha mwongozaji wetu uvumilivu ambao sikuamini angeupata.

Lakini kilichonichoma zaidi ni usaili. Tulikuwa na desturi ya kumpa kila anayetaka kuigiza ukurasa mmoja wa maandishi asome kwa sauti. Kijana mmoja, mrefu, mwenye sauti inayojaza chumba, alishika ile karatasi akaitazama, akajipapasa mifukoni. "Dada, nimesahau miwani." Nikamwambia aje wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasahau tena. Mara ya tatu hakuja. Nilichelewa sana kuelewa kwamba hakuwahi kuwa na miwani. Nilimtafuta kwa wiki kadhaa, na nilipompata sikumwambia nimegundua nini. Nilimwambia tu kwamba tumebadilisha utaratibu na sasa tunafundishana maneno kwa kusikiliza: tunarekodi sehemu ya kila mmoja kwenye simu, anakwenda nayo nyumbani. Akaitikia kwa kichwa. Alishika maneno yake yote kwa siku nne, akashika na ya wengine, na ikawa mtu akisahau mazoezini wote tunamgeukia yeye. Leo kundi zima linajifunza kwa kusikiliza, hata wenye shahada.

Vijana wale wale ndio walioua mchezo wangu kuhusu umaskini. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe, nikajisifu, nikawaonyesha. Katikati ya onyesho la huzuni, mama anapokosa pesa za dawa anaanguka chini analia, wakacheka. Mmoja akasema, "Mtu asiye na pesa hana muda wa kujitupa chini. Anapiga simu." Tukatumia basi njia ya Augusto Boal, yule Mbrazili aliyesema mtazamaji ana haki ya kuusimamisha mchezo, aingie mwenyewe, amtoe mwigizaji na aonyeshe ambavyo yeye angefanya. Waliingia mmoja mmoja. Yule mama alipiga simu saba, akasema uongo mara mbili, akamwomba radhi mtu aliyemchukia, na kila simu ilichekesha kidogo na kuuma zaidi. Maandishi yangu ya awali nimeyahifadhi kama dawa ya kiburi.

Sasa nirudi kwenye ulemavu, maana hapo makosa yangu ni mengi na yana ladha tofauti tofauti.

Tulipopata vijana viziwi, nilikodi mkalimani wa lugha ya alama kwa siku ya onyesho. Siku ya onyesho tu. Nikamsimamisha kushoto kabisa karibu na mlango ili "asivuruge picha." Alivaa shati la maua makubwa, kwa hiyo mikono yake ilipotea ndani ya maua, na kila taa zilipozimwa naye alizimika. Nilikaa nyuma ya vijana wale nikaona vichwa vyao: kulia kwa waigizaji, kushoto kwa mkalimani, kulia, kushoto, saa nzima. Mwisho binti mmoja aliniuliza kupitia kwa mkalimani huyo huyo: "Nimemtazama dada huyu tangu mwanzo. Mchezo wenyewe ulikuwaje?"

Mchezo uliofuata binti huyo alikuwa ndani yake, na mkalimani alikuwa nasi tangu zoezi la kwanza, amevaa nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yake, ana mwanga wake usiozimwa. Tulimfanya kivuli cha mhusika mkuu: anatembea anapotembea, anageuka anapogeuka, kwa hiyo jicho halina haja ya kuchagua. Kuna sehemu mhusika anasema, "Nimechoka kusubiri." Mkalimani akaitafsiri vizuri tu. Binti akatikisa kichwa. Akasimamisha vidole viwili juu ya kiganja cha mkono wa pili, kama miguu ya mtu aliyesimama njiani. Akavitazama. Vidole vikaanza kulegea, kimoja kikapiga goti, kikajikaza, kikasimama tena, kikalegea, mpaka vyote viwili vikalala. Ilichukua kama sekunde 20. Mwigizaji wetu mwenye maneno mawili alinyamaza mwenyewe. Maneno yale tuliyafuta siku ile ile, na wanaosikia hawakuwahi kuyakosa.

Tatizo lilikuwa kumpa ishara ya kuingia. Wengine walisubiri neno la mwisho la mwenzao; yeye angesubiri nini? Tulijaribu taa ndogo nyuma ya pazia, ikaonekana na watazamaji. Halafu mpiga ngoma akagundua kwamba akiweka ngoma kubwa moja kwa moja kwenye sakafu ya mbao, bila stendi, mpigo unasafiri. Binti akavua viatu. Akasimama gizani na unyayo mtupu, anasubiri. Hakuchelewa hata mara moja. Sisi wengine ndio tuliokuwa tunachelewa.

Mwenzangu mmoja, fundi mzuri wa maigizo kuliko mimi, alikuwa na wasiwasi kwamba tunageuza jukwaa kuwa kituo cha huduma. Alisema hayo kwa nia njema na sikuwa na jibu la haraka. Jibu nililompa baadaye ni historia. Kundi la maigizo la Graeae la London lilianzishwa mwaka 1980 na Nabil Shaban, mwigizaji mwenye ulemavu, pamoja na Richard Tomlinson, na waigizaji wake ni watu wenye ulemavu. Jenny Sealey, ambaye ni kiziwi, alilichukua mwaka 1997. Mwaka 2012 alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa sherehe za ufunguzi wa Paralimpiki ya London. Walichokifanya chini yake ni kuingiza ukalimani, maandishi na maelezo ya sauti ndani ya tungo tangu siku ya kwanza, vitumike kama vile taa na muziki vinavyotumika. Mwenzangu alisikiliza, akasema, "Haya, tuone." Bado anaona. Lakini hajaondoka.

Kwa wasioona tulianza na tulichosoma. Maelezo ya sauti kwenye ukumbi wa michezo yalishika mizizi Washington mwaka 1981, kwa kazi ya Margaret Pfanstiehl, ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa macho: mtu anakaa kando, anaelezea kwa kipaza sauti yanayotendeka kwenye nafasi zilizo kati ya maneno ya waigizaji, na asiyeona anamsikia kwa kifaa cha sikioni. Sisi vifaa hivyo hatukuwa navyo. Tukaunda mhusika: jirani mbea, anayekaa dirishani mchezo mzima na kumsimulia kila kitu mumewe aliye ndani. "Haya, kaingia yule mrefu. Mlango kauacha wazi. Mkononi kashika nini? Barua!" Watu walimpenda kuliko mhusika mkuu. Wengi hawakujua kabisa kwamba aliwekwa kwa sababu.

Mkosoaji wetu alikuwa kijana asiyeona wa miaka 17, mkali kama wembe. "Mnanieleza gauni lina rangi gani," alisema, "hamnielezi nani yuko karibu na nani." Akatukataza pia kumweleza hisia. Tukisema "anaonekana ana huzuni," anasema hiyo ni kazi yake. Tumwambie kichwa kimeinama, atajua mwenyewe. Kabla ya kila onyesho tukaanza kuwapitisha wasioona kwenye eneo la kuigizia, washike viti, maleba, ile barua, na kila mwigizaji aseme jina la mhusika wake kwa sauti atakayotumia. Dakika 20 tu. Baadaye wanaoona nao wakaanza kuomba waingie mapema.

Kijana huyo alipoanza kuigiza tulilaza kamba nyembamba sakafuni, tukaifunika kwa utepe wa gundi, ili aisikie kwa mguu na ajue njia. Ikafanya kazi uzuri kabisa kwa siku mbili. Siku ya tatu mwenzake anayetembelea magongo akateleza juu ya ule utepe akaanguka kifudifudi. Hakuumia, lakini nilielewa kwamba mahitaji ya watu hayakai pamoja kwa amani kila mara. Viziwi wanataka mwanga mwingi. Kuna kijana wetu mwenye usonji ambaye mwanga huo unamtesa. Kamba tuliihamishia pembeni, njia ya mwenye magongo ikabaki katikati, wakakubaliana wenyewe nani apite lini. Suala la mwanga hatujalimaliza. Tunafanya onyesho moja kwa mwanga mkali na jingine kwa mwanga hafifu, tunatangaza mapema, na kuna anayekosa yote mawili.

Onyesho la mwanga hafifu ndilo tunaloliita la utulivu, jina la kuchekesha kwa sababu ndilo lenye kelele kuliko yote. Sauti imepunguzwa, ukumbi hauzimwi kabisa, mlango uko wazi, mtu anatoka na kurudi atakavyo, na kuna chumba kimya kando. Taa za kumweta tumeziondoa kabisa. Zikizidi mimweko mitatu kwa sekunde zinaweza kumwangusha mwenye kifafa, na sijaona bado mchezo uliokufa kwa kuzikosa. Wiki moja kabla tunatuma picha za mlango, viti, waigizaji wakiwa na maleba na bila maleba, na tunasema kabisa mlio wa bunduki unakuja wapi. Mwigizaji wetu mkongwe alikataa katakata. Alisema hawezi kufa mbele ya watu wanaotembeatembea. Tukamshawishi. Alipokuwa anakufa, mtoto mmoja akatoka kwenye kiti chake, akamsogelea, akamwambia, "Amka, bado hujamaliza." Mzee yule alifungua jicho moja, akamjibu, "Subiri kidogo," akafa tena. Tangu siku hiyo anauliza la utulivu ni lini.

Wafadhili sitawasema sana. Mmoja alitaka viti mwendo vyote vipangwe safu ya mbele ili picha itoke vizuri. Tulikataa, fedha zikaenda kwingine, na msimu ule tulifanya mazoezi kwa taa mbili.

Yule kijana wa shairi hakuacha kundi. Baada ya tukio la ngazi nilitarajia aache, na ningemwelewa. Alinunua futikamba. Sasa ndiye anayekagua kumbi kabla hatujakodi: anafika, anazunguka nyuma kwanza, mbele mwisho, na anaandika kwenye daftari. Mwezi uliopita tulikwenda wote kuona ukumbi mzuri sana, sakafu ya mbao, mwangwi mzuri, mlango mpana. Meneja alikuwa mkarimu, anatufungulia kila taa. Mimi nilishaanza kupanga viti kichwani. Kijana alikuwa kakwama kwenye korido ya choo, futikamba mkononi.

"Huu mlango," alisema, "ni sentimita 61."

Meneja akashangaa kweli. "Lakini kaka, tuko hapa miaka yote hii, na hakuna mwenye kiti mwendo aliyewahi kulalamika."

"Angeingia vipi akalalamike?"

Meneja aliucheka mlango, akajicheka, halafu akauliza namba ya fundi. Tulimpa ya yule seremala wa ubao wa mita mbili, tukamwonya amsimamie.